Kobe Aliyenusa Dhahabu

Watu wengi huenda bustani ya wanyama kutazama wanyama. Miwani alikuwa akienda kutazama watu. Alikata tiketi kama raia mwema, akamjulia hali mlinzi wa getini pamoja na familia yake yote, kisha akatafuta kivuli na kuanza ukaguzi: nani kaja na nini mkononi, nini shingoni, na muhimu kuliko vyote, nini kichwani. Mali ya mkononi haimfai tapeli kitu iwapo kichwani nako mna kitu.

Bustani yenyewe haikuwa ya kawaida. Zamani sana mfalme mmoja, ambaye hata walimu wa historia hulitaja jina lake huku wakikohoa, alijenga ikulu juu ya kilima kile, ikulu ya kuba na matao na nguzo za mawe zilizochongwa maua. Ufalme ukaisha, mapaa yakaanguka, mizizi ya miti ikapasua kuta. Ndipo wakubwa wa mji walipokaa kikao wakagundua kwamba wana magofu yasiyo na wapangaji na wanyama wasio na nyumba. Simba akapewa chumba cha kulala cha mfalme. Mamba wakapewa bwawa alilokuwa akiogea malkia. Nyani wakapewa ukumbi wa baraza la mawaziri, na wenye midomo wanasema shughuli za ukumbi ule hazikubadilika sana. Ndege ndio waliojengewa jumba jipya la chuma na vioo, kazi ya msanifu aliyesifiwa mpaka magazetini, ingawa alisahau kuweka mlango ambao mtu mwenye ndoo angeweza kupita. Mpaka leo chakula chao hupitishwa dirishani kwa upawa mrefu.

Mahali pazuri kama hapo palihitaji mtaalamu, na kwa kuwa serikali ilichelewa kumleta, Miwani alijiteua mwenyewe. Alivaa koti la khaki lenye mifuko kila upande, akajining'iniza tepu ya fundi nguo shingoni, akatia brashi ya rangi kwenye mfuko wa kifuani. Miwani yake, iliyompa jina mtaani, ilikuwa ya vioo vitupu: haikuyasaidia macho yake wala haikuyadhuru. Mtu akimwuliza, yeye ni mtafiti wa mambo ya kale. Lakini hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye tepu shingoni na uso wa huzuni mbele ya ukuta mbovu haombwi kitambulisho popote duniani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kwa haki kabisa Miwani hakupaswa kuwa kazini. Jumapili alikuwa anakwenda kujitambulisha nyumbani kwa akina mchumba wake, binti anayeuza kwenye duka la dawa karibu na stendi. Alimpenda binti yule kwelikweli, mapenzi ya kumtoa mtu usingizini, na hilo lilimtia wasiwasi kwa sababu hakulizoea jambo la kweli. Binti alijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba mchumba wake ni mtafiti. Ndani ya mfuko wa shati Miwani alikuwa na pete ya marehemu mama yake. Mama yule aliwahi kuuza kitanda, akauza kabati, akauza mpaka sufuria yenye mfuniko, lakini pete hakuuza. Miwani naye, pamoja na njaa zote alizopitia, hakuwahi hata kuionyesha kwa mnunuzi. Alikuwa akiipeleka kwa sonara ikang'arishwe, akakatiza bustanini kufupisha njia. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye.

Ndipo aliposikia mlio wa bangili.

Zilikuwa nyingi, nene, zimepanda mkono wa mwanamke mmoja kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko. Mwenye mkono alikuwa mama wa makamo, mnene wa starehe, kajitanda mtandio wa kijani, kasimama mbele ya kobe mkubwa katika ua wa ikulu. Alikuwa akisoma kibao cha kobe kwa sauti, neno moja moja, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Miwani alimeza mate. Akasogea, akapima jiwe ambalo halikumkosea kitu, akaguna kitaalamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huyu kobe ana miaka yote hii waliyoandika?"

"Hiyo ni ya kukisia tu, mama. Mwenyewe hajawahi kukanusha."

Mama akacheka, bangili nazo zikacheka. "Ina maana alimwona mfalme?"

"Alimwona?" Miwani akavua miwani, akaifuta polepole. "Mama, huyu kobe alilishwa na mfalme kwa mkono wake. Kwenye sahani ya dhahabu. Asubuhi sahani, jioni sahani."

Sahani ile ilizaliwa papo hapo, na Miwani mwenyewe alishangaa jinsi ilivyozaliwa na afya njema. Alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. Mfalme alipoona maadui wanapanda kilima, alisema Miwani, alizika dhahabu yote ya ikulu. Walioizika walikufa vitani. Aliyebaki hai akijua mahali ni mmoja tu, na ndiye huyu anayetafuna jani.

"Sasa yeye atasemaje?" mama akauliza, macho yamemtoka.

"Hasemi. Ananusa. Kiumbe aliyelelewa kwenye dhahabu haisahau harufu yake. Ukimfunga dhahabu mgongoni, inamkumbusha, anaanza kuifuata ile nyingine. Nimemchunguza muda mrefu. Shida ni kwamba mimi mtafiti wa kawaida, mshahara wenyewe mnaujua. Dhahabu ya kumfunga nitaitoa wapi?"

Akanyamaza. Tapeli wa kweli anajua wapi pa kunyamaza. Wale wanaoendelea kusema ndio huishia mikononi mwa polisi.

Mama alitazama bangili zake. Alitazama kobe. Miwani alimwona akihangaika rohoni, akamhurumia kidogo, si sana.

"Zikipotea?"

"Zitapoteaje mama, na kobe huyo unamwona? Akikimbia tutamkamata."

Hoja hiyo ilimlainisha. Mama akaanza kuvua bangili moja baada ya nyingine, akiugulia utadhani anang'olewa meno. Miwani aliichukua moja akaisugua kwenye kijiwe alichokuwa nacho mfukoni kwa dharura kama hizi. Dhahabu tupu! Mama akatoa kifuko cha kitambaa chekundu, maana alisema yeye ni mfanyabiashara wa vitambaa katika mji mwingine na vifuko havimwishi, akazitumbukiza zote humo. Kisha, kifuko kikiwa wazi mkononi, akasita.

"Mwanangu, na wewe tia chako."

"Changu kipi, mama?"

"Chochote cha dhahabu. Nikitia mimi peke yangu, nitaona kama naingizwa mjini. Ukitia na wewe, nitajua hili jambo unaliamini. Huna hata kipini?"

Ulimi wa Miwani ulikuwa tayari kusema hana. Lakini bangili zilikuwa pale, na mama alikwishaanza kukirudisha kifuko kifuani, na baada ya nusu saa yote yangekuwa yake, kifuko na kilichomo. Kuazima si kuuza. Akatoa pete ya mama yake, akaitia kifukoni.

"Ya marehemu mama," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema kweli.

"Mungu amrehemu," mama akajibu kwa upole. Akachomoa sindano na uzi kwenye upindo wa mtandio, akakaa juu ya nguzo iliyoanguka, akakishona kifuko mdomo huku akimwombea marehemu kwa maneno mazuri mpaka machozi yakamlengalenga Miwani. Alipomaliza, akamkabidhi. Miwani akakifunga kwa kamba juu ya gamba la kobe, na msafara ukaanza.

Hapa msomaji asikimbie mbele, maana hakuna aliyekimbia. Kobe alitembea kama kawaida ya kobe. Miwani, pamoja na maelezo yake ya kukatiza njia, alikuwa amekwishafika asubuhi akapaka papai bivu chini ya mnara uliobomoka, ng'ambo ya ukuta wa ua, na kobe alilijua papai lile kama anavyolijua kila wiki. Lakini kulijua ni jambo moja na kulifikia ni jambo jingine. Alipofika katikati ya ua akasimama. Akafumba macho.

"Vipi?" mama akanong'ona.

"Anakumbuka."

Kobe alikumbuka kwa muda mrefu. Mama akatoa karanga, wakatafuna wote wawili. Wanafunzi wakapita wakiongozwa na mwalimu wao, wakataka kujua kobe kabeba nini. Miwani akawaambia ni kipimo cha mvua, mwalimu akawaamuru waandike. Mara akatokea mlishaji na toroli la kabichi, na kobe, msaliti yule, akageuza shingo. Miwani akajitupa kati ya toroli na kobe akimshangilia mlishaji kwa kazi nzuri anayolifanyia taifa, akamsindikiza mpaka nyuma ya jumba la ndege. Aliporudi jasho linamtoka, kobe alikuwa amekwishashika njia.

Sehemu muhimu ilikuwa ukutani. Chini ya ukuta ule palikuwa na tao fupi la mfereji wa zamani, ambalo kobe hupita na mtu hapiti. Mtu sharti azunguke kwa ngazi.

"Mama, baki hapa umwangalie asirudi nyuma. Mimi nazunguka nimpokee upande wa pili. Tukienda wote atashtuka."

"Mshtuko wa kobe huonekanaje?"

"Hauonekani. Ndiyo hatari yake."

Akazunguka mbio, akachuchumaa upande wa pili, akamsubiri mzee wa watu atokeze. Alipotokeza, Miwani alikata kamba, akatia kifuko mfukoni, na mahali pake akafunga kingine, chekundu pia, kilichoshonwa pia, chenye mabati ya mviringo ya mafundi baiskeli. Alikuwa navyo vya kila rangi, maana yeye hakuwa mtu wa kubahatisha. Akaita, "Mama, njoo! Anakimbia!"

Mama akaja anahema. Wakamkuta kobe amesimama chini ya mnara, amefunua mdomo, anaramba mawe kwa mapenzi makubwa. Mama akashika moyo. Miwani akaweka alama ya chaki, akaeleza kwamba kuchimba ni Jumatatu, bustani ikifungwa kwa usafi, na kwamba mpaka siku hiyo kifuko kisifunguliwe kabisa, la sivyo harufu inapotea na kobe atawapeleka kwa mamba. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamkumbatia. Waliagana kama ndugu.

Mpaka getini Miwani alitembea kwa heshima. Nje ya geti aliruka juu akapiga visigino, akaimba, akambusu mwuza magazeti ambaye hakuwa amemkosea. Chumbani kwake alijifungia, akaketi kitandani, akafumua uzi.

Bangili zikamwagika. Akaisugua moja kwenye kijiwe. Shaba. Ya pili, shaba. Zote zilikuwa shaba tupu, zimeng'arishwa kwa ustadi, na katikati yake, mahali pa pete ya mama yake, palikuwa na kipete cha kutundikia pazia.

Alikaa akikitazama. Alielewa taratibu: vifuko vilikuwa viwili tangu mwanzo, kimoja chini ya mtandio, na dua zile tamu zilikuwa za kumpumbaza macho wakati sindano inafanya kazi. Amepigwa changa la macho, yeye, Miwani! Alitaka kucheka kwa sababu kazi ilikuwa nzuri mno. Badala yake alilia, alilia kwa sauti, akamwomba mama yake msamaha akiwa amekishika kile kipete cha pazia. Ijumaa na Jumamosi alimsaka mwanamke yule stendi, sokoni, kwenye maduka yote ya vitambaa. Mlinzi wa getini alimwambia tu kwamba alitoka akicheka.

Jumapili akaenda mikono mitupu. Angeweza kutokwenda, lakini aliona afadhali afukuzwe na binti kuliko amkimbie. Sebule ilikuwa imepangwa vizuri: viti vyenye vitambaa vya kufumwa, saa ya ukutani iliyosimama, baba mtu aliyestaafu posta, mama mtu ambaye hakutabasamu, na binti mwenyewe kwenye kiti cha pembeni, mzuri kuliko siku zote.

"Karibu kijana," baba alisema. "Keti. Tumsubiri dada yangu, ametoka safari wiki hii makusudi kwa ajili yako. Nyumba hii haiozeshi bila yeye."

Kutoka jikoni ukasikika mlio wa bangili.

Shangazi aliingia na sinia la chai, kajitanda mtandio wa kijani. Akamwekea Miwani kikombe mbele yake, akamtilia sukari bila kumwuliza kiasi, akaketi mkabala naye akikoroga chai yake kwa utulivu. Miwani alihisi sakafu inaondoka.

"Haya," baba akasema. "Binti anatwambia wewe ni mtafiti wa mambo ya kale. Hebu tueleze kazi yako."

Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa tangu mwezi uliopita: miradi, safari, barua kutoka ng'ambo. Miwani alimtazama binti, akamtazama shangazi. Kijiko kilikuwa kimeacha kukoroga.

"Mimi si mtafiti, baba," alisema. "Mimi ni tapeli. Na si hodari sana."

Kisha shangazi akaweka kijiko kwenye kisahani.

"Hilo la mwisho nalithibitisha mimi," alisema.

Akasimulia yote, tangu alivyokwenda bustanini makusudi kumkagua mchumba wa binti wa kaka yake: kobe, papai, harufu, kipimo cha mvua, akimwigiza kila mtu na kobe mwenyewe. Baba alicheka mpaka akavua miwani yake, ambayo ilikuwa ya kweli, akajifuta machozi. Mama mtu alijikaza, akashindwa. Binti peke yake hakucheka.

"Ungeniambia," alimwambia Miwani.

"Ningekuambia ungebaki?"

"Sasa tutajuaje, na hukuniambia?"

Swali hilo lilimchoma kuliko hasara yote ya Alhamisi.

"Matapeli tumewahi kuwa nao katika ukoo huu," shangazi akasema, na kaka yake akakohoa. "Siyo hoja. Hoja ni mtu anayechukua pete ya mama yake akaitia kwenye kifuko cha mtu asiyemjua. Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa na hakika nitaipata baada ya nusu saa."

"Ndivyo walivyofikiri wote uliowala, mwanangu."

Miwani aliinamisha kichwa. Aliwakumbuka wengine wao kwa sura, na kwa mara ya kwanza aliona aibu isiyokuwa na ujanja ndani yake. Alisema ataacha. Alisema anajua kupaka rangi na kuzungumza na watu, na kwamba kazi ya namna hiyo haikosekani. Alisema kama binti hamtaki ataelewa, ila pete, tafadhali, ni ya mama yake.

Shangazi akamtazama sana. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa pete, akaiweka katikati ya meza. Miwani aliirukia, akaibusu, akaishika kwenye shavu, akamshukuru Mungu na shangazi kwa sauti ya kukatika. Akampelekea binti kwa mikono miwili.

Binti akaipokea, akasogea dirishani. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa. Dukani kwake hupitisha mchana kutwa akibagua vidonge halali na vya bandia.

"Shangazi," alisema, "hii shaba."

Shangazi akashusha pumzi, akafungua fundo la mtandio, akatoa pete nyingine. Binti akaitazama kidogo tu.

"Na hii pia."

"Basi sawa," shangazi akasema huku anatabasamu kwa fahari, akaichomoa ya tatu kutoka chini ya kisahani chake cha chai. "Nilitaka kujua kama katika ndoa hii kutakuwa na mtu mwenye macho."

Binti aliipima hii ya tatu kwenye mwanga, ndani na nje, bila haraka, akaridhika. Hakuivaa. Akaifunga kwenye leso yake, akaitia mfukoni, akamwambia Miwani kwamba siku atakapomletea mshahara wa kwanza alioutolea jasho, ataivaa. Na kwamba mshahara huo nao ataukagua. Kisha akacheka hatimaye, akamwongezea chai.

Miwani alikishika kikombe kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja: shangazi anazirudisha pete zake za shaba mafichoni, baba anajifanya hajaona, binti anampigia jicho mama yake. Akaelewa kwamba akioa hapa, yeye ndiye atakayekuwa mtu mwaminifu kuliko wote nyumbani, na hofu ikamshika.